Jipu ya umeme mbele ya Porsche 911: nani anashinda, na wapi?

Video za namna hii zinapita kila siku kwenye telefone za vijana wa Goma, Bukavu na Lubumbashi. Motokari mbili zimepangwa sambamba kwenye barabara ndefu iliyonyooka. Upande mmoja kuna motokari ya spoti, ya chini, inanguruma. Upande mwingine kuna jipu ya umeme, ya milango minne, yenye nafasi ya mizigo na ya kiti cha mtoto, imenyamaza kabisa. Ishara inatolewa, na jipu inaondoka kama jiwe la manati. Chini ya video mabishano yanaanza: hawa wanasema motere ya esanse imekwisha, wale wanasema ni udanganyifu wa matangazo.

Kila upande una sehemu yake ya ukweli. Lakini video ya sekunde kumi haiwezi kuonyesha jambo lenyewe, kwa sababu motokari ya spoti haikutengenezwa kwa ajili ya kwenda moja kwa moja tu. Na sisi wakaaji wa Kongo tuna sababu yetu ya kufuatilia mabishano hayo kwa makini, kwa kuwa uzito unaoisumbua jipu ya umeme kwenye kona ni batri, na ndani ya batri nyingi kuna madini yaliyochimbwa Lualaba na Haut-Katanga.

Nyumba moja, motokari mbili

Ili tusigombane juu ya marka, tuchukue motokari mbili za kompanyi moja: Porsche, ya Stuttgart, Ujerumani.

Ya kwanza ni 911 Carrera. Jina 911 liko barabarani tangu mwaka 1964, na ndiyo motokari ambayo watengenezaji wengi wa motokari za spoti hujipima nayo. Toleo lililotangazwa mwaka 2024 lina motere ya silinda sita, lita 3, turbo mbili, na motere hiyo imewekwa nyuma kabisa. Inatoa nguvu za farasi 394 na kuzipeleka kwenye mapine ya nyuma peke yake. Motokari nzima ina uzito wa kilo 1.520. Kutoka kusimama hadi kilometa 100 kwa saa inachukua sekunde 4,1, na mwendo wake wa juu ni kilometa 294 kwa saa.

Ya pili ni jipu: Macan Turbo ya umeme, iliyotangazwa Januari 2024 huko Singapore. (Jina Turbo ni la biashara tu, motere ya umeme haina turbo yoyote.) Ina motere mbili, moja mbele na moja nyuma, kwa hiyo mapine yote manne yanasukuma. Batri yake ina kilowati-saa 100. Dereva akitumia mpango maalum wa kuondoka kwa kasi, motere zinatoa nguvu za farasi 639. Uzito wake ni kilo 2.405. Kutoka kusimama hadi kilometa 100 kwa saa: sekunde 3,3. Mwendo wa juu: kilometa 260 kwa saa.

Kwa hiyo jipu yenye karibu kilo 900 zaidi inaiacha 911 Carrera nyuma mwanzoni, na hayo yanasemwa na kompanyi inayouza zote mbili.

Mtu atasema: si ajabu, ina nguvu nyingi zaidi. Hapo tupige hesabu. Nguvu zile 639 ni za sekunde chache tu za kuondoka; kwa kawaida Macan Turbo inatoa 584. Tukigawanya uzito kwa nguvu hizo za kawaida, kila nguvu moja ya farasi kwenye jipu inabeba karibu kilo 4,1. Kwenye 911, kila nguvu moja inabeba karibu kilo 3,9. Yaani kwa nguvu za kila siku 911 ndiyo yenye mzigo mwepesi, na hata zile nyingine za muda mfupi zinaipa jipu faida ndogo sana. Siri iko mahali pengine.

Siri ya sekunde tatu za kwanza

Motere ya esanse ni kama mtu anayeamka usingizini. Inahitaji kuzunguka haraka kwanza ndipo itoe nguvu yake kamili. Inahitaji hewa, inahitaji turbo ijae, inahitaji sanduku la vitesi lichague namba inayofaa. Kila hatua inakula sehemu ya sekunde. Motere ya umeme haina safari hiyo. Ukikanyaga pedali, nguvu yake ya kuzungusha iko pale tangu mzunguko wa kwanza, na haibadilishi vitesi njiani.

Nguvu hiyo ya kuzungusha ina kipimo chake, nyutoni-meta. 911 Carrera ina 450. Macan Turbo, wakati wa kuondoka kwa kasi, ina 1.130. Ukiongeza kwamba jipu inasukuma kwa mapine manne na 911 kwa mapine mawili, unaelewa kwa nini moja inaruka na nyingine inatafuta pa kushikilia.

Tena kuna kompyuta. Porsche inasema mfumo wake unaweza kugundua kwamba pine limeanza kuteleza na kurekebisha nguvu ndani ya milisekunde 10. Hakuna mguu wa dereva unaofikia hapo.

Lakini esanse nayo haijakunja mkono. Porsche hiyohiyo ilikuwa na 911 Turbo S ya mapine manne yenye nguvu 650 iliyofika kilometa 100 kwa saa kwa sekunde 2,7, bila batri kubwa yoyote. Inaishinda jipu. Ila bei yake ni ya watu wachache sana, na hilo ndilo jambo ambalo umeme umebadilisha: kasi ya kuondoka, iliyokuwa mali ya matajiri wa juu kabisa, sasa inapatikana katika motokari ya kupeleka watoto shuleni.

Na video? Mwezi wa Novemba 2023 Tesla ilionyesha pikapu yake ya umeme, Cybertruck, ikivuta Porsche 911 kwenye trela na kuishinda 911 nyingine iliyokuwa peke yake. Elon Musk alizungumzia mbio za robo ya maili, karibu meta 400. Baadaye ilijulikana kwamba mbio zilizoonyeshwa zilikuwa za nusu ya umbali huo. Tofauti ni kubwa: motokari ya umeme inapata ushindi wake mwanzoni, na kadiri barabara inavyozidi kuwa ndefu, ndivyo ile ya esanse inavyorudisha deni. Basi ukiona video ya namna hiyo, uliza kwanza mstari wa mwisho umewekwa wapi.

Kona haidanganyiki

Sasa tuingie kwenye kona, mahali ambapo motokari za spoti zimejijengea jina.

Jipu ya umeme ina faida moja ambayo jipu za esanse hazikuwahi kuwa nayo. Batri, ambayo ndiyo sehemu nzito kuliko zote, imelazwa sakafuni, chini ya miguu ya abiria. Kwa hiyo uzito uko chini, na motokari haiyumbi kama zile jipu ndefu tunazozijua, ambazo dereva akikata kona haraka abiria wa nyuma wanaanza kusali. Macan ina urefu wa kwenda juu wa meta 1,62. Kwa macho ni jipu, lakini sehemu kubwa ya uzito wake iko chini ya magoti.

Hata hivyo, kilo ni kilo. Motokari ikiingia kwenye kona, uzito wote unataka kuendelea moja kwa moja, na kinachouzuia ni vipande vinne vya mpira vinavyogusa barabara. Ukiongeza uzito juu ya pine, mshiko unaongezeka, lakini hauongezeki kwa kiasi kilekile. Ndiyo sababu motokari nzito hupewa mapine mapana, na bado hayalipi deni lote. Kompyuta inaweza kugawa nguvu vizuri kati ya mapine. Haiwezi kufuta kilo 900.

Jambo lingine ni umbali kati ya mapine ya mbele na ya nyuma. Kwenye Macan ni karibu meta 2,89, kwenye 911 ni meta 2,45. Motokari fupi inageuka kwa wepesi zaidi. Porsche inajaribu kupunguza tofauti kwa kuuza, kwa bei ya nyongeza, mfumo unaogeuza pia mapine ya nyuma kidogo, hadi digri 5. Inasaidia, hasa mjini.

Freni nazo zinasimulia habari ya namna mbili. Kwa mwendo uleule, jipu hiyo inabeba nishati zaidi ya 911 kwa karibu asilimia 58, na nishati hiyo yote lazima iende mahali motokari inaposimama. Katika 911 inageuka kuwa joto ndani ya disiki na plaketi. Katika motokari ya umeme, motere zinageuka kuwa jenereta: zinapunguza mwendo huku zikirudisha umeme kwenye batri. Macan inaweza kurudisha hadi kilowati 240. Kwa dereva wa kawaida, maana yake ni plaketi zinazodumu muda mrefu. Kwa dereva wa mbio, maana yake ni kujifunza upya mguu wa freni, kwa sababu sehemu ya kazi inafanywa na motere na sehemu inafanywa na disiki, na kompyuta ndiyo inayoamua kiasi gani.

Wakorea walichofanya

Kompanyi iliyolichukua swali hili kwa ukali zaidi si ya Wajerumani. Mwezi wa Julai 2023, huko Goodwood, Uingereza, Hyundai ya Korea ya Kusini ilionyesha Ioniq 5 N. Kwa umbo ni motokari ndefu ya familia, iko kati ya jipu na motokari ya kawaida. Hyundai yenyewe inaiweka upande wa jipu za mjini. Ina batri ya kilowati-saa 84, nguvu za farasi 609 ambazo zinapanda hadi 650 kwa sekunde 10 dereva akibonyeza kitufe kwenye volani, na inafika kilometa 100 kwa saa kwa sekunde 3,4. Uzito wake: karibu kilo 2.200.

Wahandisi wake walijua tatizo la pili la umeme, ambalo video fupi hazilionyeshi: joto. Batri ikitoa nguvu nyingi mfululizo inapata joto, na kompyuta inapunguza nguvu ili kuilinda. Motokari nyingi za umeme zilikuwa simba kwa dakika chache, kisha kondoo. Hyundai iliweka shabaha ya kuzunguka mara mbili mfululizo kwenye Nürburgring, huko Ujerumani, bila nguvu kuanguka sana. Njia hiyo ina urefu wa karibu kilometa 20,8 kwa mzunguko mmoja, na kona zaidi ya 70 zenye kupanda na kushuka.

Mizunguko miwili. Kwa motokari ya umeme ya familia ni kazi kubwa. Lakini 911 ya esanse, tanki likiisha, inajazwa kwa dakika chache na kurudi uwanjani. Lita moja ya esanse ina karibu kilowati-saa 9 za nishati. Motere inapoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kama joto, na bado tanki la lita 60, lenye uzito wa karibu kilo 45, linabeba zaidi ya kilowati-saa 500. Hakuna batri ya motokari inayokaribia hapo.

Tatizo la tatu lilikuwa sikio. Dereva wa motokari ya spoti anajua mwendo wake kwa kusikia motere na kwa kubadilisha vitesi. Motere ya umeme haimwambii kitu. Basi Hyundai iliweka vitesi vya uongo: kompyuta inaiga sanduku la namba nane, inakata nguvu kidogo kila unapobadilisha, na spika zinatoa mlio wa motere ambayo haipo. Ukisikia hivyo utacheka. Mimi pia nilicheka niliposoma habari hiyo mara ya kwanza. Lakini ina maana: mlio ule unampa dereva kipimo, anajua yuko wapi kabla ya kona bila kutazama saa ya mwendo. Mwaka 2024 Ioniq 5 N ilipewa zawadi ya dunia ya motokari ya utendaji bora, katika shindano la World Car Awards, darasa ambalo motokari za spoti za esanse ziliwahi kulitawala.

Ukikusanya yote haya, jibu langu ni hili. Kwa kuondoka, na kwa kuipita motokari nyingine barabarani, jipu nzuri ya umeme imeshaishinda motokari ya spoti ya esanse ya daraja la kawaida. Kwenye kona moja iliyokauka, iko karibu nayo. Kwenye kona ya hamsini, mapine yakiwa yameshapata moto na freni zimeanza kuchoka, ile nyepesi bado inaongoza, na inamwambia dereva mambo mengi zaidi kupitia mikono yake.

Milimani ni habari nyingine

Kuna mahali pamoja ambapo Goma na Bukavu zingeweza kuipa jipu ya umeme nafasi ya upendeleo: urefu kutoka usawa wa bahari. Miji hii miwili iko kwenye karibu meta 1.500, na Lubumbashi karibu 1.200. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyembamba, na motere ya esanse isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake kwa kila meta 1.000. Shofere yeyote anayepanda milima ya Kivu na motokari ya zamani iliyojaa mizigo analijua jambo hili bila kitabu. Turbo inarekebisha sehemu kubwa ya hasara hiyo. Motere ya umeme haivuti hewa kabisa, kwa hiyo haipotezi kitu.

Ushahidi uko Marekani, kwenye mlima Pikes Peak, jimbo la Colorado. Mbio zake zinaanza kwenye meta 2.862 na kumalizika kwenye meta 4.302, kilometa 20 na kona 156. Mwaka 2018 Mfaransa Romain Dumas alipanda kwa dakika 7 na sekunde 57 akiendesha Volkswagen ID.R ya umeme, akawa mtu wa kwanza kupita chini ya dakika 8. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa ya Sébastien Loeb, wa Peugeot ya esanse, dakika 8 na sekunde 13, mwaka 2013. Ila tusisahau: ID.R ilikuwa motokari ya mbio tupu, chini ya kilo 1.100, na batri yake ilihesabiwa kufika kileleni tu. Yaani motokari ya umeme ikivuliwa uzito, inatisha.

Kwetu, shida inaanza baada ya mlima. Macan inapokea umeme wa hadi kilowati 270, ndiyo maana batri yake inatoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 21. Kituo cha umeme cha Matebe, huko Rutshuru, kina uwezo wa karibu megawati 13. Motokari chini ya 50 za namna hiyo, zikichajiwa kwa wakati mmoja kwa nguvu hiyo, zingemaliza umeme wote wa kituo. Esanse ina ubaya wake, lakini kadafi anakaa kila pembe ya barabara na vidumu vyake, na hangoji umeme urudi. Kuhusu 911, yenye tumbo linalokaribia kugusa lami, sina la kuongeza kwa mtu anayezijua barabara zetu.

Kilichomo ndani ya batri

Turudi kwenye zile kilo. Batri ya Macan imetengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli, kobalti na manganezi, kwa uwiano wa nane kwa moja kwa moja. Kwa makadirio ya kawaida ya mchanganyiko huo, batri ya ukubwa wake inabeba kati ya kilo 8 na 10 za kobalti. Zaidi ya theluthi mbili za kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa pande za Kolwezi na Fungurume. Mchanganyiko huo unachaguliwa kwa jipu za kasi kwa sababu unaweka nishati nyingi ndani ya uzito mdogo, na tumeona uzito unavyoamua mambo kwenye kona.

Lakini tazama uwiano ule tena: nane, moja, moja. Batri za mwanzo za namna hii zilikuwa na sehemu sawa za madini yote matatu, na kwa umeme uleule zilihitaji kobalti mara tatu au nne zaidi. Kila mhandisi anayetafuta jipu nyepesi na ya bei nafuu anatafuta pia namna ya kupunguza kobalti yetu. Kuna wanaoiacha kabisa: batri za chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti hata kidogo, zilichukua karibu nusu ya soko la dunia la batri za motokari mwaka 2024. Ni nzito zaidi kwa umeme uleule, na kwa muda mrefu watu walisema zinafaa motokari za polepole tu.

Mwezi wa Septemba 2025, kwenye uwanja wa majaribio wa Papenburg, Ujerumani, motokari ya umeme ya Kichina iitwayo Yangwang U9 Xtreme, ya kompanyi BYD, ilifika kilometa 496 kwa saa. Batri yake ni ya chuma na fosfati.

Wakati huo serkali ya Kongo ilikuwa imefunga mlango wa kobalti tangu tarehe 22 Februari 2025, ili bei ipande. Tangu tarehe 16 Oktoba 2025 kobalti inatoka tena, kwa kipimo: tani 18.125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka ule, na tani 96.600 kwa mwaka 2026 na vilevile kwa 2027. Bei ilipanda kweli. Watengenezaji wa jipu za umeme wanaoisoma bei hiyo ndio haohao wanaoamua batri gani itawekwa chini ya sakafu ya toleo lijalo.